Jinsi ya kufuata Eta Aquilae kwa macho matupu ukiwa Lubumbashi

Kila kiangazi kinapoingia, maswali yanarudi yaleyale. Kuna nyota inayobadilika ninayoweza kuiona bila darubini? Nitaitambuaje kati ya hizo zote? Mbona nimeitazama mwezi mzima na iko vilevile? Mwongozo huu ni wako wewe uliyeko Lubumbashi na unayeuliza hayo. Ukianza Agosti na kufuata hatua zake usiku kwa usiku, kufikia mwisho wa Septemba utakuwa umechora kwa mkono wako mchoro wa nyota inayovimba na kusinyaa, na hutakuwa umenunua chombo chochote.

Nyota yetu ni Eta Aquilae. Iko katika kundinyota la Ukabu, ambalo ramani za simu huliandika Aquila. Edward Pigott wa York, Uingereza, ndiye aliyetambua kwamba mwangaza wake unabadilika, tarehe 10 Septemba 1784. Wiki chache baadaye rafiki yake John Goodricke, kijana kiziwi, akagundua Delta Cephei, na jamii nzima ya nyota hizi ikachukua jina kwa ile ya pili: sefeidi.

Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani humwanzisha mwanafunzi kwa Delta Cephei. Kwetu haifai. Kutoka Lubumbashi haipandi zaidi ya nyuzi 20 juu ya upeo wa kaskazini, palepale vumbi na moshi vinapojaa. Eta Aquilae inapanda hadi nyuzi 77, karibu na utosi, na inafanya hivyo jioni katika miezi ambayo mvua haipo. Anga letu limeipa nafasi nzuri kuliko anga la York lilivyompa Pigott.

Nadharia kidogo tu

Nyota hii ni kubwa mno kuliko Jua. Ndani yake kuna tabaka la heli linalozuia joto lisitoke. Joto likijikusanya linasukuma tabaka za nje na nyota inavimba. Ikishavimba, joto linapata njia, tabaka zinarudi ndani, nyota inasinyaa, na mwendo unaanza upya. Duru moja huchukua siku 7.177, yaani siku 7, saa 4 na dakika kama 14.

Mwangaza tunaupima kwa magnitudo, na kipimo hiki kinakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Eta inatembea kati ya 3.5 ikiwa kileleni na 4.4 ikiwa chini kabisa. Maana yake mwangaza wa kileleni ni zaidi ya mara mbili ya ule wa chini. Inapanda haraka, siku mbili na kidogo, halafu inashuka polepole kwa karibu siku tano. Hayo yanatosha kuanzia.

Utakavyohitaji

- Macho yako. Kama unavaa miwani ya kuonea mbali, ivae.
- Kaye na kalamu. Usiandike kwenye simu, sababu utaiona kwenye hatua ya 3.
- Tochi ndogo iliyofungwa kipande cha sashe nyekundu au kitambaa chekundu mpaka mwanga wake uwe hafifu.
- Saa.
- Ramani ya anga ya kutumia siku ya kwanza tu. Programu ya Stellarium kwenye simu inatosha. Iwekee mahali pawe Lubumbashi. Namba ya mwangaza inayoionyesha kwa Eta usiitegemee, ni ya wastani na haifuati nyota inavyobadilika.
- Koti na kofia. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu si wa kuchezea, na mtu anayetetemeka hawezi kulinganisha nyota.
- Kiti au mkeka. Nyota iko juu sana, na shingo itachoka kabla ya macho.

Darubini huihitaji. Hata binokula iache ndani, isipokuwa unaishi kwenye taa nyingi kiasi cha kutoona nyota ndogo kabisa.

Hatua kwa hatua

Saa zote humu ni za mtindo wa saa 24, kama zinavyoonekana kwenye simu.

1. Chagua mwezi na saa.

Katikati ya Julai, subiri hadi saa 21:00 au zaidi ili nyota ipande vya kutosha upande wa mashariki. Katikati ya Agosti, saa 20:00 tayari iko juu, upande wa mashariki ukielekea kaskazini. Septemba ndio mwezi mtamu kuliko yote: karibu na saa 20:00 iko kileleni mwa njia yake, kaskazini, juu kabisa. Oktoba, anza mara giza linapokamilika, saa 19:00 hivi, maana inaanza kuegemea magharibi. Novemba bado ipo, lakini mvua zitakunyang'anya usiku mwingi. Anayeamka alfajiri anaweza kuanza hata Mei: saa 04:30 nyota iko juu.

Usiku wa mwezi mkubwa pumzika. Mwezi ukiwa mchanga na uko mbali na Ukabu, endelea.

2. Chagua mahali, na pawe nyumbani.

Usiende porini wala barabara ya giza kutafuta anga zuri. Kazi hii inafanyika ndani ya lupango, penye ukuta na watu wako. Sogea mpaka ukuta, mwembe au pembe ya nyumba ikukinge na taa ya jirani. Taa ikibaki nyuma yako haina ubaya mkubwa. Ikikupiga machoni, usiku huo umekwisha. Waambie wa nyumbani na majirani unachofanya, kwa sababu mtu anayesimama gizani kila usiku akitazama juu huzua maneno, na mara nyingi ukishawaeleza, watoto wa jirani watakuja kuonyeshwa.

Kwa walioko mitaa ya Katuba na Kenya hapa jijini: mkitazama kaskazini mnatazama upande wa katikati ya jiji, na pale chini anga limepauka. Msikate tamaa. Nyota hii iko juu ya mpauko huo. Na usiku umeme unapokatika mtaa mzima, acha kila kitu utoke nje.

3. Yape macho dakika 20.

Ukitoka kwenye mwanga hutaona nyota hafifu mara moja. Kaa gizani dakika 20, ikiwezekana 30. Katika muda huo usifungue simu hata mara moja. Ujumbe mmoja ukiusoma, unaanza kuhesabu upya. Ndiyo maana nimesema kaye na tochi nyekundu.

4. Tafuta Altair.

Chukua hali ya Septemba, saa 20:00, umeelekea kaskazini. Utaona nyota tatu angavu zikifanya pembetatu kubwa. Ya chini kushoto ni Vega, nayo ndiyo angavu kuliko zote tatu. Ya chini kulia ni Deneb. Ya juu, karibu na utosi, ni Altair. Wengi hukosea hapa kwa kuchukua Vega, kwa kuwa macho hukimbilia inayong'aa zaidi. Alama ya Altair haikosei: ina nyota mbili ndogo pembeni, moja kila upande, zote tatu zikiwa karibu kwenye mstari mmoja. Ya chini yake ni Tarazed, yenye rangi ya machungwa. Ya juu yake, hafifu zaidi, ni Alshain.

Ukiona "Altair" isiyo na wale wawili, hiyo ni nyota nyingine au ni sayari. Sayari hazipiti Ukabu, lakini hupita kusini kidogo mwake na huwachanganya watu.

5. Panda kutoka Altair hadi Eta.

Fuata mstari huo kwenda juu: Tarazed, Altair, Alshain. Kutoka Alshain endelea kupanda, umbali kama mara mbili ya ule wa kutoka Altair hadi Alshain, ukiegemea kushoto kidogo tu. Nyota utakayofikia ni Eta. Nyosha mkono na ukunje ngumi: kutoka Altair hadi Eta ni pungufu kidogo ya upana wa ngumi yako.

Sasa hakikisha kwa majirani zake. Upana wa vidole vitatu vya katikati, mkono ukiwa umenyooshwa, kulia na juu kidogo ya Eta, kuna Theta. Upande wa kushoto na chini kidogo, umbali mkubwa zaidi kuliko wa Theta, kuna Delta, ya Ukabu hukuhuku, si ile Delta Cephei. Theta, Eta na Delta ziko karibu kwenye mstari mmoja, Eta ikiwa katikati. Halafu kushoto na juu, karibu vidole vitatu tena, kuna nyota hafifu, Iota. Ukiziona hizo tatu mahali pake, uko kwenye nyota yenyewe.

Angalizo kubwa: picha hii inazunguka. Mwezi wa Julai, ukielekea mashariki, mstari wa Tarazed hadi Eta umelala, Altair ikiwa kushoto na Eta kulia. Theta iko chini na Delta juu. Oktoba mwishoni, ukielekea magharibi, ni kinyume: Altair kulia, Eta kushoto, Theta juu na Delta chini. Na ramani zilizochapwa Ulaya huonyesha Eta chini ya Altair, kwa kuwa wao wanaitazama wakielekea kusini. Ukitumia ramani kama hiyo, igeuze juu chini.

6. Linganisha. Hii ndiyo kazi yenyewe.

Jicho haliwezi kukuambia "hii ni 3.9". Hakuna jicho linaloweza. Linachoweza, tena kwa usahihi wa kushangaza, ni kusema ipi kati ya nyota mbili inang'aa zaidi. Kwa hiyo unafanya kama unavyokadiria kimo cha mtoto kwa kumsimamisha kati ya kaka yake mkubwa na mdogo wake. Nyota za kulinganishia ni hizi, na namba zake hazibadiliki:

- Theta: 3.2
- Delta: 3.4
- Alshain: 3.7
- Iota: 4.4

Tafuta moja inayong'aa zaidi ya Eta, na moja iliyo hafifu kuliko Eta. Kisha jiulize: kati ya hizo mbili, Eta iko wapi? Katikati kabisa? Karibu na angavu? Theluthi ya njia?

Mfano. Usiku huu Eta ni hafifu kuliko Alshain lakini inaipita Iota. Unaona imekaribia Alshain zaidi, kama theluthi moja ya njia kutoka Alshain kwenda Iota. Tofauti ya Alshain na Iota ni 0.7. Theluthi yake ni 0.2 na kidogo. Ongeza kwenye 3.7: unapata 3.9. Usiku mwingine iko kati ya Delta na Alshain, katikati: andika 3.5 au 3.6, ile unayoiamini zaidi. Desimali moja inatosha. Anayeandika 3.87 kwa macho matupu anajidanganya.

Namna ya kutazama ina uzito wake. Usikodolee macho nyota moja. Ruka haraka kutoka hii hadi ile na kurudi, sekunde mbili tatu kila moja. Geuza kichwa, au geuza kiti, mpaka mstari unaounganisha nyota mbili uwe sambamba na mstari wa macho yako, kwa sababu nyota moja ikiwa juu na nyingine chini jicho hupendelea mojawapo. Kama Iota inaonekana tu unapotazama pembeni yake kidogo, basi itazame Eta nayo kwa pembeni vilevile. Ukitazama moja moja kwa moja na nyingine kwa pembeni, umelinganisha sehemu mbili za jicho lako badala ya nyota mbili. Tarazed usiitumie: ni 2.7, angavu mno, na rangi yake itakupotosha.

Hapa watu wengi wana wasiwasi wa moshi. Agosti na Septemba vichaka vinachomwa kuzunguka jiji, na saa ya bukari mbabula zinawaka kila lupango. Anga linakuwa na pazia. Habari njema ni kwamba pazia hilo linazifunika nyota zote hizi kwa kiasi kilekile, maana ziko karibu karibu. Eta itafifia, Alshain nayo itafifia, na nafasi ya Eta kati ya majirani zake itabaki palepale. Kinachoharibu ni wingu la vipande linalofunika moja na kuacha nyingine. Likipita, subiri.

7. Andika papo hapo, kabla ya kufungua ukurasa wa jana.

Mstari mmoja kwa kila usiku: tarehe, saa, nyota mbili ulizotumia, namba uliyopata, na neno moja kuhusu anga. Kwa mfano: "Septemba 12, 19:40, Alshain na Iota, 3.9, moshi kidogo."

Hili nalisisitiza kuliko yote humu. Usitazame ulichoandika jana. Usitafute mtandaoni inapaswa kuwa ngapi leo. Usimuulize mwenzako kabla hujaandika. Ukishajua jibu, jicho litakuletea jibu hilo, na utajikuta umechora matarajio yako. Namba inayoonekana ya ajabu iandike ilivyo na uiache. Usiifute kesho yake.

8. Rudia, na usirudie siku moja ya juma.

Kosa hili linaua hamu ya watu wengi, na halionekani mpaka uelezwe. Mtu ana kazi juma zima, anaamua kutazama kila Jumamosi saa 20:00. Jumamosi ya kwanza 3.6, ya pili 3.6, ya tatu 3.6, ya nne 3.6 au 3.5. Anasema nyota haibadiliki. Kumbe kipindi cha Eta, yaani muda wa duru yake moja, ni siku 7.177, karibu sawa kabisa na juma. Kila Jumamosi anaikuta karibu mahali palepale pa duru yake, imechelewa kwa saa nne tu. Kwa mwendo huo angehitaji takriban majuma 40 kuiona duru nzima, na kabla ya hapo nyota ingeshazama.

Kwa hiyo tazama usiku mfululizo. Usiku saba au nane mfululizo mwezi wa Agosti zina faida kuliko Jumamosi zote za mwaka. Kama huwezi kila usiku, fanya mmoja ndiyo mmoja hapana. Ukiwa na majukumu ya Jumatano na Ijumaa, sawa, jaza siku zilizobaki. Kazi yenyewe, ukiacha muda wa macho kuzoea giza, haifiki dakika tano.

9. Chora.

Kwenye karatasi ya miraba, weka siku kwenye mstari wa chini na magnitudo kwenye mstari wa kushoto, 3.4 ikiwa juu na 4.5 ikiwa chini. Usisahau kwamba namba ndogo inakaa juu. Weka nukta kwa kila usiku.

Ukishapata nukta za majuma kadhaa, zikunje zote ziwe duru moja. Usiku wa kwanza uuite siku 0. Kila usiku unaofuata hesabu siku tangu hapo, kisha ondoa 7.177 tena na tena mpaka ibaki namba ndogo kuliko 7.177. Siku ya 9: 9 toa 7.177, inabaki 1.8. Siku ya 17: ondoa mara mbili, yaani 14.354, inabaki 2.6. Siku ya 23: ondoa mara tatu, inabaki 1.5. Nukta ya kila usiku iweke kwenye hiyo namba iliyobaki. Kama saa zako za kutazama zinatofautiana kwa nusu saa hivi, usihangaike. Zikitofautiana kwa saa nyingi, ziingize kama sehemu ya siku.

Nukta zitatawanyika, lakini umbo litajitokeza: mlima unaopanda wima upande mmoja na kuteremka taratibu upande wa pili. Ukiwa mvumilivu na nukta zako ni nyingi, katika mteremko utaona mahali ambapo kushuka kunasita kidogo, kama kituo, kabla ya kuendelea. Kituo hicho kipo kweli kwenye Eta. Usikinyooshe kwa rula.

Mchoro huo una uzito kuliko unavyodhani. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa kituo cha anga cha Harvard, Marekani, alichapisha uchunguzi wa nyota 25 za jamii hii zilizo ndani ya Wingu Dogo la Magellan, galaksi (mkusanyiko mkubwa wa nyota) ndogo iliyo jirani na yetu, akitumia picha zilizopigwa Arequipa, Peru. Alionyesha kwamba nyota yenye kipindi kirefu ndiyo yenye mwangaza mkubwa zaidi kwa asili yake. Ukijua kipindi, unajua inatoa mwanga kiasi gani. Ukijua hilo na ukaona inavyofifia kwetu, unajua iko mbali kiasi gani. Kwa njia hiyo, kuanzia sefeidi aliyoipata mwaka 1923, mwanaastronomia Edwin Hubble alithibitisha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, iliyo nje kabisa ya galaksi yetu. Na Wingu Dogo lenyewe halionekani kutoka Harvard. Linaonekana kutoka kwetu, upande wa kusini, jioni za Oktoba hadi Desemba.

10. Tuma, ukipenda.

Shirika la AAVSO la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio ya nyota badilifu kutoka kwa watu wa nchi zote, na si lazima uwe mwanachama. Unajisajili, unapewa herufi zako za mtazamaji, unatuma. Huko nyota yetu inaitwa eta Aql. Mambo mawili ya kuangalia: saa iandikwe kwa saa ya dunia, UT, hivyo toa saa 2 kwenye saa ya Lubumbashi. Na ramani zao huandika magnitudo bila nukta, 37 badala ya 3.7, ili nukta isidhaniwe kuwa nyota.

Mambo yakikwama

"Haibadiliki kabisa." Kwanza angalia kaye: je, ulitazama siku ileile ya juma? Kama sivyo, huenda unatazama Theta. Theta iko karibu, inafanana, na haibadiliki. Rudi hatua ya 5 uhakikishe una nyota moja kulia na moja kushoto. Theta yenyewe ndiyo ya mwisho kwenye mstari.

"Iota siioni." Taa ni nyingi au macho hayajazoea. Ongeza dakika kumi. Ikishindikana, andika ukweli: "hafifu kuliko Alshain, Iota haionekani." Hilo nalo ni rekodi halali, na ni bora kuliko namba ya kubuni. Ukiwa na binokula, hapa ndipo pa kuitumia, mradi uitumie kwa nyota zote mbili.

"Jana 3.6, leo 4.1." Kwa usiku mmoja Eta haishuki hivyo. Moja kati ya hizo imekosewa, au ulibadilisha nyota za kulinganishia. Usisahihishe. Endelea, na mchoro utaonyesha ni ipi.

"Mwenzangu anapata 3.9, mimi napata 4.1 kila mara." Kawaida kabisa. Macho ya watu wawili yanaweza kutofautiana kwa 0.2 hasa nyota zikiwa na rangi tofauti. Eta ina umanjano, Iota ni nyeupe inayoelekea buluu. Kila mmoja abaki na macho yake. Umbo la mlima litakuwa lilelile.

"Inametameta mno siwezi kuamua." Iko chini sana. Kila nyota iliyo karibu na upeo humetameta na kufifia. Subiri ipande, na mwisho wa msimu ikishuka chini ya nyuzi 30, yaani ngumi tatu juu ya upeo, achana nayo hadi mwakani.

"Mimi kweli nina Jumamosi tu." Basi Eta si nyota yako, lakini ipo inayokufaa. Aprili hadi Juni, jioni, elekea kusini na utafute kundinyota la Carina. Humo kuna sefeidi nyingine ya macho matupu, l Carinae, jina lake ni herufi ndogo ya l. Inatembea kati ya 3.3 na 4.2, na kipindi chake ni siku 35 na nusu. Jumamosi tano zinakupa nukta tano kwenye duru moja, na duru mbili za mwanzo wa kiangazi zinatosha kuona inapanda na inashuka. Ramani yenye namba za nyota zake za kulinganishia utaipata bure kwenye tovuti ya AAVSO, na hatua ya 6 na ya 7 zinabaki zilezile.